Boma la Kyela: fedha ya jengo la umma inatoka wapi, inapita wapi na inakwamia wapi

Leo hakuna umbea, leo ni shule. Kama upo kwenye intaneti kafe na dakika zinayoyoma, shuka moja kwa moja hadi sehemu ya 4 yenye kalenda, hiyo ndiyo nyama yenyewe. Kama una muda, soma kuanzia juu maana kila kitu kimeshikana.

Kila kijana wa Kyela analijua neno "boma". Ni zile kuta za darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu zilizojengwa kwa nguvu za wananchi mpaka kwenye lenta, halafu zikaachwa bila bati. Majani yanaota ndani, mbuzi wanalala. Ukiuliza kulikoni unajibiwa neno moja tu, "bajeti". Neno hilo limekuwa kama kufuli, likitajwa mjadala umeisha na watu wanaenda nyumbani.

Sasa mimi nasema hivi. Maboma mengi hayakwami kwa sababu ya fedha peke yake, yanakwama kwa sababu ya TAREHE. Kuna tarehe za kuingiza jengo kwenye mpango, kuna tarehe fedha inapoingia, kuna tarehe fedha inapoondoka, na juu ya hizo zote kuna tarehe za mvua ya Kyela ambayo haijawahi kusoma mwongozo wa Hazina. Anayezijua tarehe hizo anapata darasa, asiyezijua anapata kuta. Twende taratibu.

1. KWANZA: HILO JENGO NI LA NANI?

Tukiona chochote cha umma tunamrukia diwani. Mara nyingi diwani hahusiki kabisa. Chukua huu mgawanyo uweke kichwani:

- Bandari za Itungi na Kiwira na meli kama MV Mbeya II iliyozinduliwa mwaka 2021: hizo ni za taasisi za Serikali Kuu kama Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA. Baraza la Madiwani halizipangii hata senti.
- Mpaka wa Kasumulu: Serikali Kuu. Forodha ni TRA, pasipoti ni Uhamiaji.
- Barabara kuu na za mkoa: TANROADS. Barabara za wilaya na za mitaa zilikuwa za halmashauri, lakini tangu mwaka 2017 ziko TARURA.
- Maji vijijini: tangu mwaka 2019 yako RUWASA.
- Mahakama ya mwanzo ni ya Mhimili wa Mahakama, na kituo cha polisi kiko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kinachobaki kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kyela ni nini? Shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, hospitali ya wilaya, masoko, stendi, machinjio, ofisi za kata na vijiji, na nyumba za watumishi. Kwa maneno mengine, baada ya barabara na maji kuondoka, kazi kubwa ya maendeleo iliyobaki halmashauri ni MAJENGO. Ndiyo maana kila kijana anatakiwa aelewe bajeti ya majengo, maana hapo ndipo diwani wake anapopimwa.

Angalizo kidogo kwa wanaochanganya. Mto Songwe unatutenganisha na Malawi, lakini Mkoa wa Songwe ni kitu kingine, ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kyela ilibaki Mbeya. Kwenye vitabu vya bajeti ya taifa tunatafutwa chini ya Fungu 78, Mkoa wa Mbeya. Usihangaike kututafuta kwingine.

2. HISTORIA KIDOGO, ILI TUJUE TULIPOTOKA

Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri nchi nzima, mambo yote yakaendeshwa kupitia mfumo wa Madaraka Mikoani. Ikaonekana huduma zinayumba. Zikatungwa sheria mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ile Sura 290, imetokana na kipindi hicho na bado ndiyo inayotumika, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Katiba nayo, ibara ya 145 na 146, inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kuhamisha madaraka kwenda kwa wananchi. Sio hisani, ni Katiba.

Mwaka 2003 ikafutwa kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliiita kodi ya kichwa na walikimbizana nayo na mgambo mashambani. Wananchi tulishangilia na tulikuwa na haki. Ila halmashauri zilipoteza chanzo kikubwa cha fedha na tangu hapo zimeegemea zaidi ruzuku kutoka juu. Anayekulisha ndiye anayekupangia saa ya kula. Hapo ndipo suala la tarehe lilipoanza kuwa zito.

3. FEDHA INATOKA WAPI?

Kuna mifereji sita. Jifunze kuitofautisha, kwa sababu kila mmoja una mlango wake wa kugonga.

(a) Mapato ya ndani. Ushuru wa mazao, ushuru wa huduma ambao ni asilimia ndogo ya mauzo ya biashara, leseni, ada za soko na stendi, vibali vya ujenzi. Kwa Kyela mazao ndio roho: mpunga na kakao. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Na kwa sheria anayelipa ni mnunuzi, sio mkulima.

Sasa angalia mchezo wa kakao. Kilo ikiuzwa shilingi 5,000, halmashauri inapata 150. Kilo ikiuzwa 20,000, inapata 600. Mzigo ule ule, ila mapato mara nne. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, haijawahi kutokea, halafu mwaka 2025 ikashuka sana. Maana yake nini? Halmashauri yoyote inayokadiria mapato kwa bei ya msimu wa neema itapanga madarasa mengi kwenye karatasi, halafu bei ikianguka yale madarasa yanabaki maboma. Ukisikia makadirio ya mapato yamepanda ghafla, uliza yamepigiwa hesabu kwa bei gani.

Serikali inazitaka halmashauri zipeleke sehemu ya mapato haya kwenye maendeleo, asilimia 40 kwa zenye kipato kidogo na 60 au zaidi kwa zenye kipato kikubwa. Nyingine zinaendesha ofisi: mafuta, posho za vikao, karatasi. Pia asilimia 10 inatengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hilo liliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, likasimamishwa mwaka 2023, na mikopo ikarudi mwaka wa fedha 2024/25. Hiyo 4 ya vijana ni yetu, lakini sio ya majengo.

Tupige hesabu ya mfano, namba ni za kujifunzia tu. Tuseme wilaya imekusanya bilioni 5 na inapeleka asilimia 40 kwenye maendeleo. Hiyo ni bilioni 2. Ndani yake toa milioni 500 za mikopo, inabaki bilioni 1.5. Gawa kwa kata 30, kila kata inapata milioni 50. Hiyo ni madarasa mawili na chenji. Kwa kata nzima, mwaka mzima! Na hapo zahanati haijaguswa, choo hakijaguswa, soko halijaguswa. Ukiielewa hesabu hii hutaamini tena mgombea anayeahidi vitu kumi kwa mpigo.

(b) Ruzuku ya Serikali Kuu. Hapa ndipo zinapokuja fedha za kumalizia maboma na Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa. Humo humo iliingia tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, ambayo sehemu yake ilijenga vituo vya afya na kumalizia madarasa.

(c) Mikopo na wahisani. Mradi wa SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa shule za msingi, yote kwa fedha za Benki ya Dunia. Pia ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wa mwaka 2021 wa kupambana na athari za Korona, ambao ulijenga madarasa 15,000 nchi nzima.

(d) Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Upo kwa sheria ya mwaka 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Sio fedha ya mfukoni kwa mbunge, ni fedha ya serikali na inakaguliwa. Mara nyingi inanunua bati na saruji za kumalizia.

(e) TASAF. Tunaijua kwa kaya maskini, ila imejenga madarasa, zahanati na nyumba za watumishi tangu ilipoanza mwaka 2000.

(f) Nguvu za wananchi. Tofali, mchanga, mawe, maji, kuchimba msingi. Hii tunaidharau lakini ni mtaji. Inatakiwa ithaminiwe kwa shilingi na iandikwe kwenye taarifa ya mradi. Isipoandikwa, mtu mwingine anaweza kuiandikia risiti.

4. KALENDA, HAPA NDIPO PALIPO NA NYAMA

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Ratiba yenyewe kwa kawaida inakwenda hivi:

JULAI hadi OKTOBA. Vijiji vinaibua vipaumbele kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kuanzia kitongoji, kisha halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji unapitisha. Kipaumbele ambacho hakipo kwenye muhtasari wa mkutano hakipo duniani. Weka hilo akilini.

NOVEMBA. Hazina inatoa mwongozo wa mpango na bajeti na kila halmashauri inapewa ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho haitakiwi kuvuka.

NOVEMBA hadi DESEMBA. Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa. Mwenyekiti ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, wajumbe ni wenyeviti wa vijiji na wataalamu. Hapa vijiji vinashindana, na kijiji chenye muhtasari safi na makadirio ya gharama kinakipiku chenye maneno matupu.

DESEMBA hadi JANUARI. Wataalamu wa halmashauri chini ya Mkurugenzi wanaunganisha kata zote na kuingiza kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa PlanRep. Mradi usiokuwa na namba humo hauwezi kulipwa hata kama Mkurugenzi anaupenda.

JANUARI hadi FEBRUARI. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, halafu Baraza la Madiwani linapitisha. Kikao cha Baraza ni cha wazi, unaruhusiwa kuingia na kusikiliza.

FEBRUARI hadi MACHI. Mkoa, TAMISEMI na Hazina wanachambua. Hapa mradi unaweza kukatwa.

APRILI hadi JUNI. Bunge, Dodoma. Bajeti ya TAMISEMI inasomwa mapema, bajeti kuu katikati ya Juni.

Umeona? Darasa unalotaka liezekwe mwaka kesho, mlango wake unafungwa Desemba mwaka huu. Wengi tunaanza kupiga kelele Juni tunaposikia bajeti redioni, kumbe treni limeshaondoka miezi sita iliyopita.

Na kuna jambo la pili. Bajeti ni KIBALI cha kutumia, sio noti. Mradi ukiwa kwenye bajeti haina maana fedha ipo benki. Fedha inakuja kwa mafungu kadiri Hazina inavyokusanya, na ikifika tarehe 30 Juni salio ambalo halijatumika linarudi Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa liombewe kibali cha kuendelea nalo. Kwa hiyo fedha ikiingia mwezi wa nne au wa tano, una wiki chache za kuitumia vizuri au kuipoteza.

5. KALENDA YA PILI: MVUA

Sasa weka kalenda ya Hazina juu ya kalenda ya mbinguni. Bonde la Kyela liko chini, ziwa lenyewe liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yetu kuna Mlima Rungwe na safu ya Livingstone. Maji yote yanashukia kwetu kwa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi, inaanza Novemba na inakaza Machi, Aprili hadi Mei. Kiangazi cha ujenzi ni Juni mpaka Oktoba, basi.

Fedha ikiingia Machi imekutana na mafuriko. Tanuru la tofali haliwaki. Lori la mchanga linazama. Saruji inashika unyevu stoo. Ukuta uliojengwa kwa udongo unanyonya maji na kuachia. Na mkaguzi haandiki "mvua", anaandika "mradi haujakamilika kwa wakati".

Halafu kuna suala la kiwango kimoja nchi nzima. Viwango ambavyo vimetumika sana miaka ya karibuni ni hivi: darasa moja jipya milioni 20, kumalizia boma la darasa moja milioni 12.5, kumalizia boma la zahanati milioni 50, kituo cha afya milioni 500, sekondari mpya ya kata chini ya SEQUIP milioni 470 kwa kuanzia. Namba hizo ni zile zile uwe Dodoma kwenye ardhi kavu au uwe Kyela ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Huku kwetu msingi lazima unyanyuliwe, kifusi kinaletwa kwa lori, na shimo la choo linajaa kabla hata mwanafunzi wa kwanza hajaingia. Kijiji kama Ikombe, huko ng'ambo ya Matema wanakofinyanga vyungu, mzigo mwingi unakwenda kwa mtumbwi. Mfuko wa saruji ukipanda mtumbwi umeshaongeza bei. Milioni 20 inaisha jengo likiwa kwenye lenta, na boma jipya limezaliwa kutoka kwenye mradi uliokuwa na fedha kamili!

Dawa ipo, ila inatakiwa iwekwe mapema, Oktoba na Novemba. Makadirio ya gharama, yale mafundi wanayaita BOQ, yaandaliwe na mhandisi wa halmashauri kwa eneo husika. Yaoneshe wazi gharama ya ziada ya msingi na usafiri, na ielezwe nani ataifidia: mapato ya ndani, Mfuko wa Jimbo au nguvu za wananchi. Kusubiri mpaka fedha iishe ndipo muitane kwenye mchango ni kuchelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta tayari tunao, tunachokosa ni paa.

6. FEDHA IKIFIKA SHULENI INAKUWAJE?

Zamani fedha ilikaa makao makuu ya halmashauri na mkandarasi akalipwa huko. Tangu mwaka 2017 fedha nyingi za shule na zahanati zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na ujenzi mwingi unafanyika kwa fosi akaunti. Maana yake hakuna mkandarasi mkubwa. Kituo kinanunua vifaa chenyewe, kinamlipa fundi wa kawaida kwa mkataba wa ufundi, na wananchi wanaunda kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi.

Uzuri wake: faida ya mkandarasi inabaki kwenye jengo na mafundi wa kijijini wanapata kazi. Ubaya wake: mwalimu mkuu ambaye alisomea kufundisha Hisabati ghafla anakuwa meneja wa mradi, na kamati ikiwa ya majina tu, watu wanasaini mifuko 200 ya saruji wakati zimeshuka 150. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Anayebeba hajali, mzigo unapungua. Anayejali ni mwenye mali, na mwenye mali ni wewe.

Vijana ingieni kwenye kamati ya mapokezi. Ndiyo kamati isiyo na heshima kubwa mtaani, haina posho ya maana, lakini ndiyo inayohesabu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuhesabu mabati, kusoma geji, kulinganisha na hati ya mzigo na kukataa kusaini. Hiyo ni kazi ya dakika ishirini inayookoa darasa zima.

Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST uliochukua nafasi ya TANePS, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023. Mfumo ni mzuri kwa uwazi, ila unahitaji intaneti na mtu wa kuutumia. Huko pembezoni mwa ziwa mtandao ukikata siku mbili, ni siku mbili za kiangazi zimepotea.

7. MASWALI SABA YA KUULIZA MKUTANONI

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Sio wazee peke yao. Ukiinuka, mpe shikamoo mzee mwenyekiti, taja jina lako, uliza kwa adabu:

1. Jengo hili lipo kwenye muhtasari wa mkutano wa tarehe ngapi?
2. Limeingizwa kwenye bajeti ya mwaka gani, na kwa mfereji upi kati ya ile sita?
3. Fedha iliyopangwa ni kiasi gani, na iliyoingia ni kiasi gani? (Hizi ni namba mbili tofauti, usikubali moja.)
4. Iliingia tarehe ngapi?
5. Nguvu za wananchi zimethaminiwa shilingi ngapi?
6. Kamati ya mapokezi ni akina nani, na daftari la mapokezi liko wapi?
7. Ikifika tarehe 30 Juni jengo halijaisha, nani ameomba kibali cha salio?

Swali la tatu na la nne ndiyo funguo. Kiongozi mwaminifu atakujibu kwa karatasi. Anayepiga danganya toto atakujibu kwa hotuba.

Usipojibiwa usianze fujo. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, unaandika barua kwa ofisi husika na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Pia kila mwaka ripoti ya CAG ya serikali za mitaa inawekwa wazi baada ya kufikishwa bungeni, na kamati ya LAAC inawahoji wakurugenzi. Ripoti ni ndefu lakini kompyuta ina sehemu ya kutafuta: andika "Kyela" ubonyeze, utasomewa za kwenu ndani ya sekunde.

8. BOMA MOJA LENYE PAA

La mwisho ni letu wenyewe, sio la serikali. Kata nyingi zina tabia ya kila kijiji kuanzisha boma lake ili kisionekane kimelala. Matokeo yake kata ina maboma matano, na ikija fedha ya boma moja unaanza ugomvi, diwani anaigawa ili asichukiwe, kila boma linapata mabati kumi na hakuna linaloisha. Fedha imekwisha, hakuna mtoto aliyekaa darasani.

Kata inayojipanga inafanya kinyume. Inachagua moja, inaweka zamu kwa maandishi, mwaka huu nyie mwaka kesho sisi. Inachanga baada ya mavuno ya mpunga, watu wakiwa na chochote mkononi. Mchango ni wa hiari, unapitishwa na mkutano na una risiti. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 hakuna mwenye ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani kisa mzazi hajachanga. Inachoma tofali Julai, inasimamisha ukuta Agosti na Septemba, inajaza mchanga na kokoto kabla ya Novemba. Fedha ya serikali ikija hata Februari inakuta kuta ngumu, inanunua mbao na bati, paa linapanda siku jua likitoka, kisha sakafu na plasta vinaendelea chini ya paa huku nje mvua inanyesha. Tarehe 30 Juni inakuta jengo, haikuti salio.

Hiyo haihitaji mbunge wala mfadhili. Inahitaji mkutano wa Oktoba wenye watu, na mtu wa kuandika muhtasari vizuri. Mkutano huo kwa kawaida unafanyika mchana wa siku ya kazi, wazee wakiwa chini ya mwembe na vijana wakiwa kijiwe cha bodaboda wakilalamika kwamba serikali haijengi. Mwaka huu tugeuze.

Mwenye nyongeza, hasa mafundi, walimu na watendaji mnaoyajua haya kwa vitendo, mwageni hapo chini kwenye maoni. Matusi sitaki, namba nazitaka.